Aliyeolewa Kortesalo

Spana ya kumi na tatu ilimpata Jouko juu kidogo ya nyusi. Haikumponyoka mtu. Mzee Taisto Kortesalo aliirusha makusudi akiwa amesimama hatua tatu tu, na kama Jouko asingeinamisha kichwa, ingeondoka na jicho.

"Nimekwambia kumi!" mzee alifoka. "Kumi! Unanipa kumi na tatu ya nini? Nijikunie mgongo?"

Jouko akaiokota ile spana, akaifuta damu kwenye suruali, akairudisha sandukuni, akatoa ya kumi na kumpa mkwewe. Damu ilimshuka pembeni mwa pua mpaka mdomoni, akailamba. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, nje baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na mwanamume mzima wa miaka arobaini na saba alikuwa anahesabu siku kama mfungwa. Zilibaki mbili.

Ijumaa saa sita mchana Taisto angeweka sahihi. Shamba, nyumba na karakana vingetoka kwenye jina lake na kuingia kwenye majina mawili, la binti yake Marketta na la Jouko mumewe. Alikuwa ameahidi hivyo kwa miaka mitano, na mara tatu akaghairi siku chache kabla. Mara ya mwisho Jouko alimjibu mbele ya mteja, basi, ikatosha. Safari hii Marketta alimshika mumewe mashavu kwa mikono miwili na kumwambia:

"Mpaka Ijumaa, Jouko. Akikutukana, meza. Akikupiga, meza. Mpaka Ijumaa tu, halafu karakana ni yako na yeye atabaki mzee anayekunywa kahawa dirishani."

Kwa hiyo Jouko alikuwa anameza.

Huku kwetu, kwenye nyanda hizi za Ostrobothnia, magharibi mwa Ufini, mwanamume anayehamia nyumbani kwa wakwe ana jina lake, na si jina zuri. Kwa Kiswahili halinipi shida kulitafuta: tunasema ameolewa. Jouko alikuwa ameolewa Kortesalo miaka kumi na miwili, na mzee hakuruhusu siku ipite bila kumkumbusha. Alimkumbusha mbele ya wateja, mbele ya mchungaji, na mbele ya watoto wa shule waliokaa ndani ya gari wakisubiri tairi libadilishwe. Wengine wanasema Taisto alikuwa mkali kwa sababu alianza maisha kwa taabu. Mimi sikubali. Wengi walianza kwa taabu na hawarushi spana.

Gari lililokuwa juu ya lifti lilikuwa la Marketta, lile la viti vinane analobebea watoto sita wa vijijini kila asubuhi kuwapeleka shule. Tangu wiki iliyopita gia yake ya otomatiki ilikuwa inapiga teke. Ikitoka ya pili kwenda ya tatu gari lilishtuka hata watoto wakagonga vipaji vya nyuso kwenye viti vya mbele. Ugonjwa ulikuwa kwenye bodi ya valvu, kile kipande cha alumini kilichojaa vijia kama kichuguu cha mchwa, ambamo mafuta hupita na kuamua gia ipi iingie. Siku hiyo waliitoa ya zamani. Mpya ingefika kesho kwa basi la asubuhi.

Mchana Marketta alimsafisha mumewe kile kidonda jikoni, kwa maji ya uvuguvugu na pamba.

"Ungeshonwa," alisema.

"Siendi."

"Jouko, hiki kimefunguka. Ngoja nimwambie baba..."

Jouko alimkamata kifundo cha mkono na kukibana. Alikibana kwa nguvu, muda mrefu kuliko alivyokusudia, na alipoachia, vidole vyake vyote vinne vilibaki vimechorwa pale kwa wekundu.

"Usimwambie kitu," alisema. "Umesema nimeze. Nameza."

Marketta alishusha mkono wa sweta juu ya zile alama, akaendelea kusafisha.

* * *

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere katika kila nyumba huku, na Ensio, jirani mjane ambaye hajui kupika, hufika Kortesalo kila Alhamisi saa tano bila kualikwa. Akishakula huhamia karakana, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama wengine wakifanya kazi. Kijiji kizima hupata habari zake kutoka kwenye ndoo hiyo.

Siku hiyo aliiona plasta juu ya jicho la Jouko, akacheka na supu mdomoni.

"Haa! Bibi harusi wetu kapakwa wanja!"

Taisto alicheka mpaka akakohoa. Marketta aliweka sufuria mezani kwa kishindo. "Ensio, kula supu yako."

"Nakula, mama, nakula. Nauliza tu. Kesho kwenye sahihi atavaa shela au kofia?"

Jouko aliinuka. Hakuna aliyemwona akizunguka meza. Walichokiona ni Ensio akiwa ameegemezwa ukutani na mkono shingoni, miguu yake ikitafuta sakafu na haradali ya kuungia supu ikimtiririka kidevuni. Uso wa Ensio uligeuka mwekundu, kisha rangi ya zambarau.

"Sema tena," Jouko alimnong'oneza. "Sema shela."

Taisto hakupiga kelele. Alichukua ule mwiko mzito wa mbao kwenye sufuria, akampiga nao Jouko mgongoni, mara moja, mbili, tatu, supu ya moto ikiruka na kumwagika shingoni. Marketta akajitupa katikati na pigo la nne likampata yeye begani. Hapo tu ndipo mikono yote ikashuka.

"Nyumbani kwangu," Taisto alisema, akihema, "mgeni wangu hashikwi shingo. Unasikia, we mwanamke uliyeolewa? Leo bado nyumba ni yangu. Kesho naweza kuamka na homa. Nikiamka na homa siendi kuweka sahihi popote."

Jouko alitazama mlango. Nadhani kama angetoka saa ile, akaingia barabarani hata bila koti, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Marketta alikuwa ameshika bega lake lililopigwa na kumtazama, midomo ikisema bila sauti: kesho.

"Samahani, Ensio," Jouko alisema.

"Si neno, si neno," Ensio alijibu kwa sauti ya chura, akajikongoja mpaka kwenye kiti chake. "Utani tu, bwana. Damu zenu zinachemka."

Akamaliza supu yake. Huyo ndiye Ensio.

* * *

Bodi mpya ilikuwa imefika kwenye sanduku la kadibodi, imefungwa kwa nailoni, inang'aa. Taisto aliibeba mwenyewe. Katika karakana ile kulikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza, giaboksi hufungwa na mzee peke yake. Ya pili, kila bolti likishakazwa mzee hulipaka doa la rangi nyeupe, na bolti lenye doa haliguswi tena na mtu yeyote. Kwa miaka hamsini sheria hizo zilimfanyia kazi vizuri, na watu walileta magari yao kutoka mbali kwa ajili ya lile doa jeupe.

Lakini tangu majira ya vuli mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Hakumwambia mtu. Kikombe alikishika kwa mikono miwili na kusema anajipasha moto. Marketta alijua. Jouko alijua. Wote walijifanya hawajui, maana huku kwetu mtu akificha ugonjwa wake, adabu ni kumsaidia kuuficha.

Kwenye bodi ile kuna kifimbo cha chuma kinachoteleza mbele na nyuma, chenye mkato mwembamba shingoni. Kuna pini inayotoka kwenye mkono wa gia. Pini hiyo lazima iingie kwenye mkato wakati bodi inapandishwa mahali pake. Ikiingia, dereva akisogeza gia, kifimbo kinamfuata kwenda na kurudi. Ni kazi ya kuhisi kwa ncha za vidole, kwa sababu kichwa hakitoshi kupenya pale na mwanga hauingii vizuri. Isipoingia, mkono wa gia utasema jambo moja na giaboksi jingine.

"Taa," mzee alisema.

Jouko alisimama chini ya gari na tochi. Mgongo ulimwaka, shingo ilikuwa imetoka malengelenge. Taisto aliinua bodi kwa mkono wa kushoto na kuanza kuingiza bolti kwa wa kulia. Bolti la kwanza likaanguka. Akampiga Jouko teke la muundi kwa buti lenye chuma.

"Shika taa vizuri!"

Taa ilikuwa imetulia tuli. Jouko akaliokota bolti. La pili likaanguka, teke jingine, mahali palepale. La tatu likaingia, na la nne, na yote yaliyobaki. Mzee akayakaza kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni, akachukua brashi ndogo na kuyapaka rangi moja baada ya jingine. Mafuta meusi yalimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Alionekana ameridhika.

Jouko alisogeza tochi kidogo, kwa mazoea tu, na akaiona pini. Haikuwa kwenye mkato. Ilikuwa imesimama nje, nyuma ya kifimbo.

"Mzee," alisema, "hebu ngoja..."

"Nani aseme ngoja?" Taisto hata hakugeuka. "Aliyeolewa hasemi ngoja. Anashika taa."

Kutoka kwenye ndoo yake Ensio akacheka, cheko dogo la uoga, huku akijipapasa shingo.

Jouko akafunga mdomo. Aliufunga kwa furaha, na hilo nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilikiri baadaye. Aliiona picha yote pale chini ya gari. Gari lingeshushwa, lingewashwa, mkono wa gia ungesogezwa mbele na nyuma na gurudumu lisingezunguka hata moja. Taisto Kortesalo angesimama mbele ya Ensio na madoa yake meupe, amefunga giaboksi kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kufikia Jumapili kanisa zima lingejua. Na Ijumaa angeweka sahihi akiwa ameinamisha kichwa, angalau mara moja katika maisha yake. Jouko aliishikilia taa, imara kabisa, mpaka sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ikafungwa.

Alikuwa fundi mzuri, lakini hasira ilimfanya asifikirie kitu kidogo. Pini iliyo nyuma ya kifimbo haining'inii hewani. Inaweza kukisukuma kwenda mbele. Haiwezi kukivuta kurudi.

* * *

Saa nane mchana gari lilishushwa, pua yake ikiielekea meza ya kazi, umbali wa hatua moja na nusu. Marketta alikuja kuwasha mwenyewe. Lilikuwa gari lake, na kesho saa moja asubuhi watoto sita wangekuwa wanamsubiri kwenye vituo vyao.

Taisto alifungua boneti, akasimama mbele ya gari, kati ya bampa na meza, akainamia kijiti cha kupimia mafuta. Jouko alisimama ubavuni na funeli. Ensio alikuwa kwenye ndoo.

"Washa!"

Injini ikawaka, ikaunguruma juu, kama inavyofanya ikiwa na baridi.

"Kanyaga breki. Weka D."

Marketta akaweka. Jouko alikuwa amekwisha kuuandaa uso wake. Lakini gari likajikaza, likainama kidogo kwa mbele, likataka kwenda. Gia ilikuwa imeingia, laini kama siagi.

"Ehee!" Taisto alisema kutoka chini ya boneti. "Mmesikia hiyo? Ensio, umesikia? Mikono hiyo!"

Jouko aliduwaa. Labda aliona vibaya. Labda kivuli. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo alijisikia nafuu pia.

"Sasa weka N," mzee aliita, "uje usikie mwenyewe."

Mafuta ya giaboksi ile hupimwa gia ikiwa N, yaani huru, na injini inaunguruma. Marketta akaweka N. Mlio wa injini ulipaswa kubadilika, kupanda kidogo, kama mtu anayetua mzigo. Haukubadilika. Jouko aliusikia usivyobadilika. Alielewa yote kwa mara moja, pini, kifimbo, kila kitu, na akafungua mdomo.

Huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili hakuna mtu anayevuta breki ya mkono. Breki huganda, na asubuhi magurudumu hayazunguki. Tunafundishwa hivyo kabla miguu yetu haijafika kwenye pedeli. Marketta hakuivuta. Alifungua mlango, akaondoa mguu kwenye breki ili ashuke.

Gari likaruka.

Kulikuwa na mlio wa mfupa, na kila aliyekuwepo anakubali kwamba ulisikika juu ya injini. Boneti ilimgonga Taisto kichwani, bampa likamkandamiza miguu kwenye mguu wa chuma wa meza, jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, likamchoma mgongo. Hakupiga kelele mwanzoni. Aliyapiga ngumi mabati ya gari, pa, pa, pa, kama mtu anayegonga mlango. Halafu akapiga kelele.

Magurudumu yalikuwa bado yanasukuma, yanateleza kwenye zege lenye maji, yanasukuma tena. Marketta alikuwa ameng'ang'ania mkono wa gia na kupiga mayowe, "Iko N! Iko N! Jouko, iko N!" Jouko alijirusha juu ya mapaja yake, akazima ufunguo. Kisha yeye na Ensio wakaweka mabega na kulirudisha gari nyuma, na mzee akaanguka kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kumshikilia.

Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Damu ilitoka kwa mikupuo na kuchanganyika na mafuta mekundu ya giaboksi, hata ukashindwa kujua ipi ni ipi. Jouko alivua mkanda wake, akaufunga juu ya goti na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Taisto akamzaba kofi. Akamzaba la pili, dhaifu, kisha akamkamata ukosi na kumvuta mpaka sikio likafika mdomoni.

"Pini," alinong'ona. "Ulikuwa na taa."

Hakuna mwingine aliyesikia.

* * *

Mguu ulikatwa siku ileile. Mguu wa kushoto walifanikiwa kuuokoa kwa vyuma.

Konstebo aliyekuja alikuwa mtu mpole. Alipiga picha, akaandika. Alimuuliza mzee kitandani, na mzee akasema, "Binti alikosea pedeli. Alidhani ni breki." Alimuuliza Jouko, na Jouko akasema, "Sikuona. Nilikuwa naangalia funeli." Ensio hakuulizwa lakini alisema mengi, na kufikia Jumamosi dukani walikuwa wanajua kwamba Marketta Kortesalo alikanyaga pedeli ya mafuta akamgonga babake. Wanaume walitikisa vichwa. Mwanamke na pedeli, walisema. Njia ya watoto wa shule akapewa mtu mwingine, kwa muda, waliambiwa kwa heshima.

Jumamosi hiyo Jouko alilipandisha gari kwenye lifti, akafungua sampu, akalegeza mabolti yenye madoa meupe, akaitia pini kwenye mkato. Ilimchukua dakika chache tu. Akakaza tena na kuchukua ile brashi ndogo. Alikuwa anapaka doa la mwisho Marketta alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Naangalia mafuta."

Alisimama mlangoni na koti la baba yake mabegani. Hakuwa amelala. "Jouko, mimi niliweka N. Naiona mpaka sasa, ile herufi. Lakini daktari kasema akili inaweza kukudanganya. Baba mwenyewe kasema nilikanyaga. Baba hawezi kunisingizia." Akautazama mguu wake wa kulia. "Nikifumba macho nahisi breki. Nikiyafumba tena nahisi mafuta. Sijui tena."

Jouko alikuwa na brashi mkononi. Alitakiwa aseme sentensi moja.

"Ilikuwa ajali," alisema.

"Siwezi kumrudishia mguu," Marketta alisema. "Siendeshi tena. Hata trekta."

* * *

Jumanne ofisa wa kuthibitisha mauzo ya ardhi alikwenda hospitalini na mkoba wake, kwa sababu mzee alisisitiza. Alikuwa Bi Lehtola, mwanamke mnene mwenye miwani kwenye kamba, aliyezoea kusoma karatasi kando ya vitanda. Taisto aliegemezwa kwenye mito. Pale blanketi lilipopaswa kuinuka, lilikuwa bapa. Marketta alikaa upande mmoja, Jouko alisimama upande wa pili.

"Kabla sijaanza," Bi Lehtola alisema, "karatasi zinataja biashara ya kusafirisha wanafunzi. Inabaki kwa mama?"

"Hapana," Marketta alijibu. "Mimi siendeshi."

"Heri," Taisto alisema, macho darini. "Mtu asiyejua kutofautisha pedeli, heri akae jikoni. Ameninyang'anya mguu, asije akamnyang'anya mtu mtoto."

Marketta aliinamisha kichwa na kulipokea hilo. Alilipokea vilevile mumewe alivyopokea kila kitu kwa miaka kumi na miwili. Jouko aliona shingo yake ikiinama.

"Hakukanyaga mafuta," alisema.

"Nyamaza wewe," Taisto alisema.

"Iliwekwa N na gari likabaki kwenye D. Pini haikuingia kwenye mkato. Ndiyo maana."

"Mwongo! Bi Lehtola, huyu ni mwongo, andika hivyo!"

"Niliirekebisha mimi Jumamosi."

Marketta alimgeukia baba yake polepole. "Baba. Pini uliitia?"

Taisto alifungua mdomo kujibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, unatetemeka, vidole vinapigapiga kitambaa. Wote walikuwa wanautazama. Akauondoa pale, akauficha chini ya blanketi, akageuza uso ukutani.

Kisha Marketta akasimama, akazunguka kitanda. "Na wewe umejuaje?"

"Niliiona. Nilikuwa nimeshika taa."

"Lini?"

"Kabla hatujafunga sampu."

Hakumpiga kofi. Alimpiga ngumi, ya mkono unaobeba mikoba ya watoto na kubadilisha matairi, moja kwa moja mdomoni. Jino lilikata mdomo, kichwa kikagonga kabati. Akampiga ya pili palepale, na Jouko hakuinua mikono. Bi Lehtola alitoa yowe dogo na kukumbatia mkoba wake.

"Nilidhani halitasogea," Jouko alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Marketta, naapa. Nilidhani litakaa tu. Nilitaka aaibike, basi. Kidogo tu."

"Kesho yake saa moja ningekuwa na watoto sita ndani yake." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Ninashuka mara sita kila asubuhi kuwafungulia mlango, nao wanapita mbele ya gari. Kama lingeshtuka barabarani na si karakana. Ungeniambia saa ngapi, Jouko? Kabla sijatoka uani? Au ungenisubiri nirudi?"

Alitaka kusema kabla. Lilikuwa neno fupi. Lakini alikuwa amekwisha kudanganya mara moja kwa konstebo na mara moja karakana, na mbele ya macho yale hakuweza kudanganya mara ya tatu. Alijitafuta ndani, kwa dhati, aone kama kweli angesema asubuhi ile. Alichelewa kujibu. Marketta alikungoja kule kuchelewa mpaka mwisho wake, akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa.

"Soma," alimwambia Bi Lehtola.

"Mama, labda siku nyingine, mkishatulia..."

"Soma."

Bi Lehtola akavaa miwani. Alisoma mipaka ya shamba na msitu, nyumba moja ya kuishi, ghala mbili, karakana moja na vyombo vyake vyote. Taisto alisikiliza akiangalia ukuta. Jouko alisimama na leso mdomoni. Hakuna aliyemwambia atoke na hakuna aliyemwambia akae.

Alipofika kwenye majina ya wanaopokea, Bi Lehtola alisoma la kwanza, akanyanyua macho, kidole chake kikiwa juu ya la pili, la Jouko. Marketta akatikisa kichwa. Bi Lehtola akachukua rula na kalamu kwenye mkoba, akachora mstari, akaandika tarehe pembeni, akaendelea kusoma.